Kisanga cha kompani: siku moja ya plaje inapita namna gani, na feza inabaki wapi?

Mutu mwenye ana jamaa ku Durban anajua hizi picha. Meli nyeupe, kubwa sawa jengo la etaje kumi. Muchanga mweupe. Dada ao shemeji amevaa kofia na miwani, na chini ya picha ameandika: "Leo tuko ku kisanga." Kisha mu WhatsApp maswali yanaanza: kisanga gani? Bei gani? Na sisi wa Lubumbashi tunaweza kufika kule?

Habari hii inaeleza kisanga hicho ni cha namna gani, siku ya plaje inapita namna gani, karatasi gani zinahitajika kwa mutu wa Congo, na juu ya nini kompani za meli zinapenda kuwa na kisanga chao. Ku mwisho tutarudi kwetu, ku Tanganyika na Moëro. Na sisi tuko na maji na muchanga, na siku moja kompani inaweza kuja kuomba.

Kisanga cha kompani ni kitu gani?

Kisanga ni ile yenye watu wa pwani wanaita kisiwa: udongo wenye kuzungukwa na maji. Kisanga cha kompani ni kile chenye kompani ya meli za kutembeza watu imenunua, imekodi ao imepata ruhusa ya kutumia peke yake, kusudi abiria wake washuke kule siku moja, waogelee, wakule, kisha warudie mu meli.

Kazi hii ilianza mu Bahamas. Mwaka wa 1977 kompani ya Norwegian ilinunua kisanga kidogo chenye kuitwa Great Stirrup Cay. Mbele ya hapo, meli ilikuwa inasimama mu bandari ya muji, abiria wanashuka, wanachukua taksi, wanakula kwa mama wa restora, wanauza vitu sokoni. Feza yote hiyo ilikuwa inabaki kwa watu wa muji, na kompani ilikuwa inalipa tena kodi ya bandari. Ku kisanga chake yenyewe, mambo yaligeuka: parasoli ni ya kompani, bia ni ya kompani, na mutu wa kazi mwenye kuchoma nyama analipwa na kompani.

Wengine waliona, wakafuata. Royal Caribbean ilikodi Labadee, ku kaskazini ya Haiti, mwaka wa 1986. Disney ilifungua Castaway Cay mu Bahamas mwaka wa 1998, kwa mukataba wa miaka 99 na serikali. MSC ilifungua Ocean Cay, mu Bahamas vilevile, mwaka wa 2019. Hicho cha mwisho zamani kilikuwa karieri ya kuchimba muchanga. Kompani ilitosha vyuma vya zamani na kufanya plaje. Sisi wa Katanga tunaelewa mbio: ni kama mutu achukue remble ya mine na kuigeuza bustani.

Sasa, neno "kisanga cha kompani" linaweza kudanganya. Mu fasi zingine kompani ilinunua kweli. Mu fasi zingine haina hata metre moja ya udongo. Iko na mukataba tu. Labadee yenyewe haiko hata kisanga: ni kipande cha inchi kavu chenye kimefungwa na kizuizi, na walinzi wanasimama ku mulango.

Chenye kuwa karibu na sisi: Ilha dos Portugueses

Kwa mutu wa Lubumbashi, hakuna lazima ya kufikiri Bahamas. Kisanga cha namna hii chenye kuwa karibu kiko mu Mozambique, mu bahari ya Hindi. Jina lake ni Ilha dos Portugueses, ni kusema Kisanga cha Wareno. Kiko ku mulango wa ghuba ya Maputo, pembeni ya kisanga kikubwa chenye kuitwa Inhaca. Ku Ilha dos Portugueses hakuna kijiji. Ku Inhaca kuko watu maelfu, wavuvi na wakulima, na kisanga hicho ni sehemu ya muji wa Maputo, kwa jina la distrikti KaNyaka.

Zamani Wazungu waligombania visanga hivi. Mu karne ya 19 Uingereza ilisema Inhaca na kale kadogo ni vyake, na kale kadogo walikuwa wanakaita Kisanga cha Tembo. Ureno ikakatala. Maneno yalipelekwa kwa rais wa Ufaransa, MacMahon, na mu mwezi wa 7 mwaka wa 1875 alikata: ni ya Ureno. Nyuma yake kale kadogo kalitumikishwa kutenga wagonjwa wa ukoma. Ni muchanga uleule wenye leo watu wanalalia wakiota jua.

Leo meli za MSC zinatoka Durban wakati wa joto, kuanza mwezi wa 11 mupaka karibu mwezi wa 3 ao wa 4, na zinafika kule. Mara mingi ni safari za usiku 3 ao 4. Kompani hiyo inashusha watu pia ku Pomene, mbali zaidi ku kaskazini, mu Mozambique ileile.

Mu Mozambique katiba inasema udongo ni wa Serikali na hauwezi kuuzishwa. Kwa hiyo hakuna kompani yenye inaweza kununua Ilha dos Portugueses. Tena kisanga hicho kiko ndani ya fasi yenye kulindwa na sheria juu ya matumbawe, kobe wa bahari na samaki. Kompani inaingia kwa ruhusa. Tukumbuke neno hilo, ruhusa, sababu tutarudi kwake.

Siku yenyewe inapita namna gani

Asubuhi unaamuka, na meli imeisha kusimama. Haikaribie muchanga, sababu maji ya pembeni ni mafupi na hakuna port ya meli kubwa. Inatupa nanga mbali, na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Hapo njo kazi inaanza. Meli moja inabeba watu zaidi ya elfu mbili, na wote wanapenda kushuka ile saa ya kwanza. Unapewa namba ya kikundi, unangojea, wanaita. Mutu mwenye hapendi foleni, heri akule kwanza mupole na kushuka nyuma ya wengine.

Kila abiria iko na karte ya meli. Karte hiyo ni ufunguo wa chumba, ni kitambulisho, na ni feza. Ukitoka, wanaipiga ku mashini. Ukirudia, wanaipiga tena. Vile wanajua nani amebaki inje. Mu boti unavaa jile ya kuokoa, hata kama unajua kuogelea tangu utoto ku Kalemie. Kushuka ni mara mingi mu maji mafupi, kwa hiyo shika viatu mu mukono, na telefone weka mu sashe yenye kufunga.

Ku muchanga unakuta viti, vivuli, fasi ya kunywa, na fasi ya kuchoma nyama. Chakula cha saa sita kinatoka kwa wapishi wa meli. Watu wanaogelea, wanacheza mupira, wanatembea kando ya maji, wengine wanavaa miwani ya maji kuangalia samaki. Kuko pia safari za boti za kwenda Inhaca, kwa feza ya pembeni.

Sasa mambo ine yenye mutu wa ziwa hajue, na yanaweza kumuletea taabu:

Ya kwanza, bahari inapanda na kushuka. Tanganyika na Moëro havifanye vile: maji yenye uliacha asubuhi unayakuta mangaribi. Bahari inapanda mara mbili kwa siku na kushuka mara mbili, na mu ghuba ya Maputo tofauti ni metre mingi. Muchanga wenye ulitembea kavu saa ine unaweza kufunikwa saa kumi. Kati ya Ilha dos Portugueses na Inhaca kuko njia nyembamba ya maji, na wakati bahari inageuka maji yanapita kwa nguvu. Usivuke kule kwa kuogelea.

Ya pili, jua. Ku Lubumbashi tuko juu, karibu metre 1,200, na upepo wa mukavu unatudanganya kama hakuna joto. Ku bahari, jua linapiga kutoka juu, kisha linarudia kutoka ku maji na ku muchanga mweupe. Ngozi nyeusi pia inaungua. Watoto wavalishe kofia na shimizi, hata mu maji.

Ya tatu, maji ya chumvi hayanywewe. Inaonekana jambo la kuchekesha, lakini mutoto mwenye amezoea ziwa anajaribu.

Ya ine, boti ya mwisho. Saa yake inaandikwa ku karatasi yenye wanaweka mu chumba kila mangaribi. Itazame. Ukichelewa ku bandari ya muji unaweza kutafuta hoteli. Ku kisanga bila kijiji hakuna hoteli.

Na jambo moja zaidi: kushuka hakuko lazima. Kama upepo ni mukali ao mawimbi ni makubwa, kapiteni anakatala, na siku yako ya plaje inageuka siku ya kukaa ndani ya meli. Msimu wa safari hizi ni msimu wa vimbunga vilevile mu Mozambique. Mukataba wa tiketi unamupa kapiteni haki hiyo, na mara mingi hakuna kurudishiwa feza ya tiketi. Kwa hiyo mutu mwenye analipa, alipe akijua: ananunua safari ya meli, na kisanga ni kama bahati.

Feza: nini iko mu tiketi, nini haiko

Bei yenye wanaandika kwa herufi kubwa ni ya kitanda, chakula cha kawaida, na michezo ya mangaribi. Kuko vitu vyenye vinakuja nyuma: kodi za bandari, asuransi, feza ya watumishi yenye wanakatia kila siku, vinywaji, intaneti, picha zenye mupiga picha wa meli anakupiga, na ku kisanga vitu vya kukodi na safari za boti. Hata maji ya chupa yanaweza kulipishwa.

Kulipa kwenyewe kunadanganya, sababu hakuna feza mu mukono. Unapiga karte, unapewa bia. Unapiga tena, mutoto anapata jus. Usiku wa mwisho wanakuletea fakture. Mama mwenye anauzisha ku soko Mzee Kabila anajua hesabu yake sababu anaona franga zikipungua mu kitambaa. Ku meli hakuna kitambaa. Shauri letu: siku ya kwanza, kata kiasi chako, kiandike ku karatasi, na kila mangaribi uliza ku resepsio deni lako limefika wapi.

Kwa mutu wa Lubumbashi, ongeza safari ya kufika Durban. Ni zaidi ya kilometa 2,500 kwa barabara, ile njia yenye makamyo ya shaba yetu yanapita: Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe ao Botswana, kisha Afrika ya Kusini. Kwa ndege ni mbio, lakini mara mingi tiketi ya ndege inapita bei ya meli.

Karatasi: hapa njo watu wanaanguka

Wengi wanahesabu feza na kusahau karatasi. Kwa mutu wa Congo, karatasi ni nguvu kuliko feza.

Viza ya Afrika ya Kusini: angalia inaruhusu kuingia mara ngapi. Ukipanda meli Durban na kwenda Mozambique, umetoka mu inchi. Ukirudia, unaingia mara ya pili. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, imeisha kwisha siku yenye meli iliondoka, hata kama ilibakia na majuma matatu. Omba viza ya kuingia mara mingi tangu mwanzo, na eleza safari yako mu dosie.

Mozambique: ni inchi ingine, na sheria yake ya viza kwa Wacongomani ni yake. Usikubali jibu la mudomo kutoka kwa muuzishaji wa tiketi. Omba jibu la kuandikwa, lenye kutaja paspoti ya Congo. Majibu mengi yenye wanatoa ni ya watu wa Afrika ya Kusini, na hayako yako.

Karte ya chanjo ya homa ya manjano: Afrika ya Kusini inaiomba kwa mutu mwenye anatoka Congo. Iweke pamoja na paspoti.

Watoto: kama mutoto anasafiri na muzazi mumoja tu, ao na shangazi, beba akti ya kuzaliwa na barua ya ruhusa ya muzazi mwengine. DGM inaweza kuuliza wakati wa kutoka, na kule pia.

Na neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wenye kuomba ukimbizi mu Afrika ya Kusini. Karatasi ya section 22, ile ya mutu mwenye dosie yake haijaisha, haiko karatasi ya safari. Sheria yao inasema mutu akitoka mu inchi bila ruhusa, karatasi hiyo inakufa. Safari ya usiku 3 inaweza kuangusha miaka mingi ya kungojea. Mutu mwenye amekubaliwa kuwa mukimbizi, section 24, anaweza kuomba karatasi ya safari, lakini lazima aipate mbele ya kununua tiketi. Kama jamaa yako anakuambia "ni boti tu, tunarudia tatu kesho", mwambie asome mistari hii.

Wakaaji wa pale wanapata nini?

Siku ya meli, wakaaji wa Inhaca wanakuja kuuzisha: vitenge vyenye kule wanaita kapulana, vikapu, vitu vya mbao, wengine wanatafuta kazi ya siku. Kwao, siku ya meli ni siku ya soko. Lakini soko hilo linategemea mutu mwengine. Kompani njo inaamua meli itafika mara ngapi na watu watakaa saa ngapi. Meli isipokuja, soko limekufa.

Tuangalie Labadee, sababu kule mambo yalionekana wazi. Kwa miaka mingi kompani ililipa serikali ya Haiti kiasi fulani kwa kila abiria, ikatoa kazi kwa watu wa karibu, na ikaruhusu wauzishaji wenye kuandikishwa kuingia ndani ya kizuizi. Wengine wote walibaki inje. Tarehe 12 mwezi wa 1, 2010, tetemeko kubwa lilipiga Port-au-Prince. Siku tatu tu nyuma yake, meli ya kutembeza ilisimama Labadee. Watu wengi mu dunia walikasirika: namna gani mutu anaogelea mu inchi yenye inazika wafu wake? Kompani ilijibu kama meli inaleta chakula na maji ya musaada, na kama kutokuja kutanyima watu wa kule kazi yao. Pande zote mbili walikuwa na neno. Lakini mutu moja hakuulizwa: mukaaji wa Labadee, kama anapenda meli ije ao isije.

Mu 2024 meli zilisimama kufika sababu ya vita vya magengi ku Port-au-Prince, ijapokuwa Labadee iko mbali na muji huo. Abiria walipelekwa fasi ingine. Wauzishaji wa pale hawana fasi ingine ya kupelekwa.

Ku pwani ya Waswahili kuko mufano mwengine. Mnemba, ku kaskazini-mashariki ya Unguja, ni kisanga kidogo chenye hoteli moja ya bei kali. Watu wa boti wanaleta watalii kuogelea ku matumbawe ya pembeni, lakini mutu mwenye halali kule hakanyage muchanga. Wavuvi wanakipita kwa mbali. Na mu Zanzibar pia, tangu mapinduzi ya 1964, udongo ni wa Serikali. Kumbe udongo unaweza kuwa wa watu wote, na mulango ukawa wa mutu mumoja.

Na sisi: Tanganyika, Moëro, na neno "konsesio"

Meli na plaje haviko vitu vya wageni tu kwetu. Meli ya zamani ya Tanganyika, Liemba, ilijengwa 1913 ku Papenburg mu Ujerumani, mu shantie ya Meyer. Ilibomolewa, ikapakiwa mu masanduku, ikapitishwa Dar es Salaam, ikaunganishwa tena Kigoma, na mu 1915 ikaingia mu maji. Wajerumani wenyewe waliizamisha mu 1916, Waingereza waliitosha mu maji, na mu 1927 ikarudia kazi kwa jina la Liemba. Shantie ileile ya Papenburg imejenga meli kubwa za Disney na za Royal Caribbean, zile zenye kupeleka watu ku visanga vya kompani. Kwa hiyo ile mashua ya wazee wetu na ile ya picha za WhatsApp ni za ukoo mumoja.

Na plaje tuko nazo. Kalemie iko na muchanga mrefu ku Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilometa karibu 670 na lenye kina cha metre 1,470. Moba iko ku ziwa lilelile. Mu Haut-Katanga yetu, Pweto na Kilwa ziko ku Moëro. Ukisimama Kilwa unaona kisanga mu maji, chenye kubeba jina hilohilo. Ni kizuri. Lakini ni cha Zambia: hata pale, kisanga kinaomba karatasi.

Kufika kwetu ni ngumu, hatuwezi kuficha. Barabara ya Pweto ni mbaya wakati wa mvua. Treni ya SNCC ya Kalemie inapita Kamina na Kabalo na inaomba uvumilivu. Maji ya Tanganyika yalipanda sana miaka hii ya nyuma, na nyumba za Kalemie na Uvira zilizama. Kuko mamba na viboko mu fasi zingine, na bilarzia. Mbele ya kuogelea, uliza wavuvi, sababu wanajua fasi gani ni salama.

Lakini njia zinaweza kutengenezwa, na siku yenye zitatengenezwa, mutu wa feza atakuja na plan ya hoteli ao ya kisanga. Hapo lazima wakaaji wajue mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Katiba ya 2006, artikle ya 9, inasema Serikali iko na mamlaka juu ya udongo na chini yake, maji, misitu, mito na maziwa. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, na haiwezi kuuzishwa. Mutu anapata konsesio tu. Konsesio ya milele ni kwa raia wa Congo. Mugeni na kompani wanapata konsesio ya wakati, sawa ile ya miaka 25 yenye inaweza kuanzwa upya. Kwa hiyo mutu akisema "nimenunua plaje hii", hajanunua plaje. Yuko na karatasi yenye ina tarehe ya mwisho na masharti. Unaweza kuuliza masharti ni gani.

La pili ni mufano wa mines. Hapa Katanga tunajua neno konsesio kuliko watu wote. Tunajua kizuizi chenye kinasimama asubuhi moja ku njia yenye babu alikuwa anapita. Ilikuwa lazima kungojea Kode ya mines ya 2018 kusudi sheria iseme wazi: kompani iandike kaye de sharje pamoja na wakaaji wa pale, na itoe asilimia 0.3 ya mauzisho yake kwa maendeleo yao. Hesabu hiyo ni ya mines peke yake. Mwenye hoteli ya plaje hafungwi nayo. Kwa hiyo wakaaji wakikaa kimya siku ya kwanza, kwa kazi ya plaje hakuna asilimia yenye kuwangojea.

Maswali ya kuuliza

Kwa mutu mwenye anapenda kwenda ku kisanga cha kompani: Viza yangu inaruhusu kurudia? Nani aliniandikia jibu juu ya Mozambique? Bei ya mwisho, na kodi na feza ya watumishi ndani, ni ngapi? Kapiteni akikatala kushuka, nitabaki na furaha na safari hii?

Kwa wakaaji wa fasi yenye kompani inaomba plaje: Mukataba ni wa miaka ngapi? Njia ya wavuvi na ya wamama wenye kuteka maji itabaki wazi? Nani ataruhusiwa kuuzisha ndani, na nani ataandika majina? Feza ya kila mugeni inaingia mu kisanduku gani, na nani anaona kitabu chake? Kompani ikiondoka kesho, tutabaki na nini?

Maswali haya hayakatazi mutu kufurahi. Kupumzika ni haki, na mutu mwenye amefanya kazi mwaka muzima mu vumbi la Kolwezi ao la Likasi anastahili siku moja mu maji. Kama uko na karatasi na feza, nenda, ogelea, na ununue kapulana kwa mama wa Inhaca kwa feza ya mukono, sababu hiyo haipite ku karte ya meli. Kama bado, Kipopo iko karibu na muji, na Jumapili hakuna mutu anaomba viza kule.